Liwali Afungishwa Saumu

Baraza ya Ijumaa, na Mzee Kibwana

Shemeji yangu wa Kibokoni, ambaye wasomaji wa baraza hii wamjua tangu ule mkasa wa jenereta na baadhi yao wamekwisha kumsamehe, amefanya juma hili jambo ambalo, lau lingalifanywa na mtoto wa chuoni, angalichapwa. Na kwa kuwa limefanywa na mtu mzima mwenye mvi, miwani na duka la vitambaa, sina budi kulianika juani.

Jumanne, baada ya sala ya alasiri, nilikwenda kwake kwa nia safi ya kunywa kahawa. Ningali barazani nikikingoja kikombe cha pili, mara nikasikia kutoka ghalani kilio kirefu, kilio cha kiumbe aliyekwisha kuandika wasia wake, nikauliza ni nani aliyefikwa. Shemeji akanijibu, kwa utulivu wa mtu aliyetimiza faradhi, kwamba ni Liwali, naye yumo mle tangu Jumapili usiku kwa maji matupu, kwa sababu daktari wa wanyama amesema paka huyu amenenepa kupita kiasi na hana budi apunguzwe. "Nimemfungisha," akasema, "na inshallah ikifika Ijumaa tumbo litakuwa limeingia ndani."

Kwa wale ambao hawajabahatika kuhudhuria mbele yake, Liwali ni paka dume mweupe, aliyehasiwa angali mdogo, na ambaye kwa mizani ya daktari ana kilo 8 na nusu, au, kama anavyopenda kusema mavyaa wangu, ambaye hajaisalimu kilo tangu ilipoingia nchini, ratili 19 kasorobo. Paka wa mitaa yetu aghalabu hazidi kilo 4 au 5. Liwali hapandi tena ukutani. Akitaka dirisha, hungoja abebwe. Manyoya ya kiunoni yameshikana mafundo kwa sababu ulimi haufiki huko. Na daktari alipompitisha vidole ubavuni kutafuta mbavu, alitafuta sana. Panya wa nyumba ile humpita mbele bila ya hata kumwamkia.

Mgeni hafungui milango ya watu, hilo nalijua, lakini niliinuka nikaifungua komeo ya ghala kwa mkono wangu mwenyewe, wala sikuomba idhini. Maana paka si ngamia. Paka mnene akikatiwa chakula ghafula, hata kwa siku 2 au 3, mwili wake hufungua hazina ya mafuta uliyoiweka na kuimimina inini, na ini, kwa kuwa halikuumbwa kupokea shehena ya namna ile kwa mara moja, hujaa mafuta likashindwa na kazi yake. Macho na ufizi hugeuka manjano, naye hukikataa hata kile chakula alichokuwa akikililia, na asipowahiwa na daktari hufa. Haya hayakuwa siri. Yalikuwa yameandikwa na daktari yule yule, kwa hati ya kusomeka, katika karatasi ambayo shemeji aliikunja mara nne akaitia mfukoni mwa kanzu asiitazame tena, kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, lile neno "apunguzwe" lilikuwa limemtosha.

Hata hivyo, ujinga hauniudhi sana. Ningekuwa mtu wa kuudhiwa na ujinga, nisingeoa katika nyumba ile. Kilichonitia ghaidhi ni kwamba aliyefungwa ni mlaji, na walishaji wote wako huru, wanakunywa kahawa.

Nikaifungua daawa papo hapo. Mavyaa, mama wa watu mwenye heshima zake, alikiri kwamba kila alfajiri, amalizapo uradi, humwekea utando wa maziwa kando ya mswala, na nilipomwambia kwamba paka wengi wakubwa tumbo lao haliyawezi maziwa, alinitazama kana kwamba nimemtukania marehemu. Mjukuu wa mwisho humpa hamri. Mpishi humpa vichwa vya samaki pamoja na vyote vitokavyo tumboni mwao. Mke wa shemeji humjazia bakuli la chakula kikavu cha dukani, bakuli ambalo katika historia ya nyumba ile halijapata kuonekana tupu. Na shemeji mwenyewe, hakimu wetu, mwenye ufunguo wa gereza, usiku atazamapo habari humpakata akamlisha minofu ya changu kwa mkono wake, mmoja kwake na mmoja kwa Liwali, kwa insafu. Kila mmoja wao aliapa kwamba anachotoa ni kidogo tu, na nawasadiki. Illa hakuna aliyejua habari ya kidogo cha mwenzake. Panya mmoja mdogo, ambaye ndiye mlo paka aliouumbiwa, ana kalori 30 hivi, na paka wa kilo 4 akaaye ndani hutosheka na kalori 200 na kitu kwa siku nzima, na aliyehasiwa hutosheka na pungufu ya hizo. Hamri moja na utando ule vimekwisha kumaliza sehemu kubwa ya riziki yake kabla muuza mbaazi hajapita.

Nilipokuwa nikimtazama mfungwa akijikokota kuelekea jikoni, nilimkumbuka yule paka wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ambaye Wagiriama humwita khadzonzo, mwenye rangi ya gome la mti na miguu mirefu, aliyechukuliwa na Bibi Jeni Slater mwaka 1978 na ambaye kizazi chake leo chafugwa Ulaya na Marekani kwa vyeti vya nasaba. Ni mtu wa pwani kama Liwali. Lakini msituni hakuna shemeji.

Watu huita jambo hili huruma. Mimi nasema, na mwenye kukasirika na akasirike, kwamba ni uvivu uliovaa kanzu ya huruma. Paka ajapo kujisugua mguuni, mara nyingi hataki chakula bali ataka mchezo, ataka mtu ainuke, avute uzi, akimbie naye uani robo saa. Na kwa kuwa kutupa mnofu ni kazi ya vidole viwili na kuinuka ni kazi ya mwili mzima, hutupwa mnofu, kisha mtupaji hujipongeza kwa wema wake.

Mavyaa alipoona daawa inamwelekea, akaniletea dini. Alinikumbusha kwamba Abu Hurayra, sahaba aliyepokea Hadithi nyingi kuliko wote, alipewa lakabu hiyo kwa ajili ya kipaka, na kwamba yuko mwanamke aliyestahili moto kwa sababu ya paka aliyemfunga mpaka akafa. Nikamjibu, kwa adabu yote impasayo mama mkwe, kwamba Hadithi hiyo imo katika Bukhari na katika Muslim na mimi naisadiki kwa moyo wote, lakini yeye huisoma nusu. Kwani lawama za mwanamke yule zilikuwa mbili, hakumlisha, wala hakumwacha aende akajitafutie vidudu vya ardhini. Liwali, nikasema, amefungwa kwa hamri miaka yote hii, na tangu Jumapili amefungwa kwa komeo. Mavyaa akanyamaza, jambo ambalo halijapata kutokea tangu nilipooa.

Basi karatasi ikatolewa mfukoni, ikakunjuliwa. Chakula kipimwe kwa mizani ya jikoni, wala kisikadiriwe kwa jicho. Kigawanywe mafungu manne au matano kwa siku, maana paka kwa tabia yake hula kidogo kidogo. Asinyimwe nyama, kwa sababu ndani ya nyama na samaki imo taurini, ambayo paka akiikosa huharibika macho na moyo. Sehemu ya mlo iwekwe mahali pa kupanda, apate kuihangaikia. Na apungue polepole, kiasi cha asilimia 1 ya uzito wake kwa juma, ambayo kwa Liwali ni gramu 85. Shemeji akachukua kalamu ya dukani akapiga hesabu, akaona kwamba kufikia kilo 5 kutachukua karibu miezi 10, akauliza kama hakuna kidonge. Miaka aliyotumia kumnenepesha hakuiona mirefu.

Ikatakiwa mlishaji awe mmoja, na funguo za kabati ziwe kwake. Baraza la nyumba likamteua binti wa darasa la sita, kwa sababu yeye peke yake hampendi paka huyu, na kwa hiyo aweza kumtazama machoni akamnyima.

Palibaki kupima, ili daftari lianze. Paka hatulii peke yake juu ya mizani ya kusimamia, basi mtu humpakata akapanda naye, kisha akamweka chini akapanda tena peke yake, na baki ndiyo paka. Shemeji alimpakata Liwali kwa fahari, akapanda, na binti akaisoma idadi kwa sauti ya kuhitimu. Alipoambiwa sasa apande yeye pekee, shemeji alikumbuka mteja aliyemwacha dukani, akakumbuka simu, akakumbuka sala ya magharibi ambayo jua lake lilikuwa lingali juu ya minazi. Tulimngojea. Akapanda, binti akasoma, na mavyaa, ambaye hesabu zake huwa za haraka, akaigeuza idadi ile papo hapo kwa kipimo cha zamani.

Usiku ule alinipigia simu. "Shemeji," akasema kwa unyonge, "nakuomba kwa heshima ya dada yangu, kilo zangu usiziandike gazetini." Nilimwapia kwamba kilo sitaziandika, na ahadi ni deni. Ni ratili 214.