Mtoto akirudi nyumbani na kobe

Juni ikifika, mvua za Karagwe na Kyerwa hukatika, nyasi hukauka, na baridi ya usiku vilimani huwa kali. Ni wakati wa likizo, watoto hushinda malishoni na kwenye kuni. Si ajabu mmoja akarudi jioni na kobe ndani ya ndoo, tena ameshampa jina.

Siku ya pili kobe hali, hatembei, kichwa amekificha. Mtoto anaanza kulia. Nyumba nzima inahangaika: mmoja analeta maziwa, mwingine anamsogeza jikoni apate joto.

Kobe hajitengenezei joto la mwili kama mbuzi. Hulipata juani, na baridi ikizidi hata chakula hakisagiki vizuri tumboni. Porini, kobe wengi hujificha kiangazi kwenye nyufa za mawe au vichuguu, wakatulia mpaka mvua zirudi. Kutulia peke yake si ugonjwa. Dalili mbaya ni mapovu puani, kupumua kwa mdomo wazi na macho kuvimba.

Maziwa humharisha, na jiko linaweza kumuunguza. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari zaidi kwa mtoto anayelala humo. Kobe akilazimika kulala nyumbani, awekwe pakavu pasipo upepo, apate jua la asubuhi, kivuli cha kukimbilia na maji kwenye sahani isiyo na kina.

Anaweza pia kubeba vijidudu vya salmonela bila kuugua mwenyewe. Kila aliyemshika anawe kwa sabuni, na watoto wadogo wasimchezee. Asioshewe kwenye beseni la vyombo.

Lakini kobe si mfugo. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, kumkamata au kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa. Mtoto hajui hilo, mzazi ndiye wa kumweleza. Ikijulikana alipookotwa, arudishwe hapohapo mapema, mchana jua likiwaka. Pasipojulikana, taarifa ifike ofisi ya kijiji au kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Mtoto asinyang'anywe usiku akiwa amelala. Aende na mzazi, amwachie kobe kwa mkono wake mwenyewe. Njiani kuna hadithi ya kumsimulia: mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, akapokewa na Mukama Rumanyika. Leo ipo aina ya kobe wa Afrika inayoitwa kwa jina la Speke, ambayo sehemu ya nyuma ya gamba lake hujifunga kama mlango. Jina la Rumanyika nalo limebaki kwenye Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyoanzishwa 2019.

Akitaka mnyama wa kutunza, apewe sungura au kifaranga. Hao wamezoea kuishi na watu.