Nyonga ya Kijana Isingoje Uzee

Vijana ambao nyonga zao zilipasuliwa na hazikupona huambiwa maneno ya namna mbili. Wengine huambiwa wamerogwa. Hayo nayaacha. Wengine huambiwa, "Vumilia, nyonga ya bandia ni ya wazee." Hayo ndiyo ninayoyapinga, maana husemwa hata na watu wenye elimu.

Juu ya mfupa wa paja kuna kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Mishipa inayokipelekea damu ni michache, nayo hupita kwenye shingo ya mfupa. Kijana akianguka na pikipiki na shingo ikavunjika, mishipa huweza kukatika. Daktari huifunga kwa skrubu, na mara nyingi mfupa huunga. Mara nyingine hauungi, au huunga lakini kichwa kinakufa polepole kwa kukosa damu, kisha kinabonyea. Kwa wenye selimundu huweza kufa hata bila kuanguka.

Kijijini ninakofanya kazi yuko kijana wa miaka 26 wa namna hiyo. Mguu umefupika. Hamalizi tuta moja bila kuketi. Kila siku anameza diklofenaki za dukani, dawa ambayo ikitumiwa muda mrefu huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Kumwambia angoje miaka 60 ni kumwambia apoteze miaka yake yote ya kazi.

Wanaosema angoje wana hoja yao. Nyonga ya bandia huchakaa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, kutokana na kumbukumbu za wagonjwa wa Australia na Finland, ulionyesha kuwa nyonga kama 58 katika kila 100 hudumu miaka 25. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa na umri mkubwa kuliko kijana wetu, na kijana huchakaza upesi zaidi. Basi huenda akapasuliwa tena maishani, na upasuaji wa kurudia ni mgumu kuliko wa kwanza. Aelezwe hayo yote waziwazi, kisha aamue mwenyewe. Kwangu mimi, miaka 15 au 20 ya kutembea, kulima na kulea watoto si kitu kidogo.

Lakini asikimbilie nyonga mpya kabla ya kujulikana kwa nini upasuaji wa kwanza ulishindwa. La kuogopwa hasa ni usaha. Vijidudu vikiwa vimejificha kwenye skrubu, kiungo kipya nacho kitaharibika. Ndiyo maana madaktari hupima damu, na pengine huvuta maji ya ndani ya nyonga kwa sindano. Wakivikuta huondoa vyuma na kutibu kwanza. Mgonjwa aende na picha zake zote za eksirei na karatasi ya upasuaji inayotaja vyuma alivyowekewa. Karatasi hizo zisifungiwe karanga.

Iko njia ya kugandisha paja na kiuno. Maumivu hupungua na kazi nzito hufanyika, ila kuketi ni taabu, na baada ya miaka mgongo na goti huanza kuuma. Iko pia ya kuondoa kichwa bila kuweka kingine. Mguu hufupika na mkongojo hauachwi. Hiyo huachiwa hasa usaha uliokataa kuisha.

Halafu kuna nyumbani, ambako hospitali za mjini hazifiki. Nyonga mpya, hasa miezi ya mwanzo, huweza kuchomoka mtu akichuchumaa au akiinama sana. Nasi choo chetu ni cha shimo, kigoda ni kifupi, chakula huliwa mkekani. Fundi seremala atengeneze kiti kilichotobolewa katikati, kiwekwe chooni kabla mgonjwa hajarudi. Kitanda kiinuliwe kwa matofali. Jembe la mpini mfupi apewe mwingine.

Upasuaji huu hufanyika hapa nchini, kwa mfano Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1996. Gharama yake ni nzito kwa mkulima. Ukoo ukikaa kuuza ng'ombe, uhesabu pia nauli ya kurudi kliniki na malazi ya anayemsindikiza. Mwenye bima aulize kabla ya kusafiri kama inalipia kiungo chenyewe au kitanda tu.