Njia za udongo za Masingini tuachieni sisi wa baiskeli

KUTOKA KIKWAJUNI
Na Mwanajuma Haji Ussi

Kila barabara ya shamba inapotiwa lami nafurahi, kwa sababu najua maana yake kwa mama anayekimbizwa hospitali usiku wa masika, na kwa mkulima ambaye shokishoki zake hazingoji wiki ijayo. Lakini baada ya furaha hiyo jicho langu huenda pembeni mwa lami, kwenye ule ukanda mwembamba wa mchanga na majani, maana huko ndiko baiskeli ilikosukumwa. Njia iliyokuwa ya kila mtu imekuwa ya magari, na mwenye baiskeli anaishi kwa makombo.

Wiki hii nina ombi moja. Zile njia za udongo zilizobaki ndani ya msitu wa Masingini na katika mashamba ya Dole, Kizimbani na Kidichi zisifunguliwe kwa magari. Ziunganishwe, zitengenezwe zipitike mwaka mzima, kisha waachiwe waendao kwa miguu na kwa baiskeli.

Mwendesha baiskeli wa Unguja tunamjua sote. Ni yule anayeteremka asubuhi na mzigo wa majani ya ng'ombe, mpana hata yeye mwenyewe humuoni ila miguu. Ni muuza maziwa mwenye madumu keriani. Ni muuza samaki anayepandisha na tenga lake kwenda vijijini wakati wenzake wanarudi. Ni msichana wa skuli na ushungi wake, amempakia mdogo wake nyuma. Honi ya daladala inapolia mgongoni mwao, hushuka mchangani haraka au hubaki palepale na kumuomba Mungu. Muulize fundi baiskeli yeyote wa huku Ng'ambo rimu zilizokunjika zinatoka wapi. Nyingi ni za watu waliokimbia gari.

Sasa tuangalie ardhi yenyewe. Upande wa mashariki wa kisiwa ni uwanda wa mawe, na baiskeli huko hupasua tairi. Magharibi ndiko kuliko na udongo mzito na miinuko. Masingini ni sehemu ya juu kabisa ya Unguja, takriban mita 120 kutoka usawa wa bahari. Kwa mtu wa Lushoto hicho si mlima, lakini mpandishe na baiskeli isiyo na giya, madumu ya maziwa nyuma na jua la kaskazi kichwani, atakwambia mwenyewe. Ukishaingia chini ya miti joto linapungua, na njia inakuwa ya kinongo, ule udongo mwekundu ulioshindiliwa na nyayo za miaka mingi. Kikavu, kinongo ni barabara nzuri kwa tairi ya baiskeli. Hakipigi mifupa kama mawe wala hakimezi gurudumu kama mchanga wa pwani. Ukiteremka mabondeni unakutana na kinamo, ule udongo wa mfinyanzi, na kinamo kikinyeshewa ni habari nyingine. Tairi hujaa tope mpaka haizunguki, ukabeba baiskeli badala ya baiskeli kukubeba.

Kwa hiyo ninaposema zitengenezwe, sisemi lami. Kinachoharibu njia ya udongo ni maji yasiyokuwa na pa kwenda, na baada ya hapo magurudumu ya gari yanayochimba mifereji miwili ambayo mvua inayofuata huigeuza mito midogo. Unguja hupata kiasi cha milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, sehemu kubwa ikimwagika kati ya Machi na Mei. Njia ya kilimani inataka mgongo wa katikati uinuliwe kidogo, mitaro ya kukata maji pembeni kila penye mteremko, makalvati machache mabondeni, na kifusi cha kokoto ndogo kwenye kinamo. Kazi hiyo vijana wa kijiji wanaiweza kwa majembe na toroli. Halafu gari likizuiwa, njia hiyo itadumu, kwa sababu baiskeli na mguu haviichimbi.

Njia zenyewe hazihitaji kukatwa upya, na hapa ndipo ninapoona uchungu tukizipoteza. Ni njia za walinzi wa msitu, za wachumaji karafuu, za magari ya ng'ombe. Kizimbani ni miongoni mwa mahali pa kwanza kisiwani kupandwa mikarafuu, shamba la Saleh bin Haramil, mwanzoni mwa karne ya 19, kabla ya Sultani Seyyid Said kulichukua. Kidichi yapo mabafu aliyoyajenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Kutoka Kikwajuni, ukipita Michenzani na Amani, ukapanda kilima, ukazunguka kwa mashamba mpaka Kidichi kisha ukateremkia Bububu, umekwenda safari ambayo mtu mzima wa afya ya kawaida anaimaliza asubuhi moja. Karibu sehemu yote ya juu ya safari hiyo inaweza kwenda bila kugusana na lori hata moja.

Tuliwahi kuwa na ushoroba wa namna hiyo, tukauacha ukapotea. Mwaka 1905 ilianza reli ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, kiasi cha kilometa 11 kutoka Ngome Kongwe kupitia mitaa ya Mji Mkongwe na kando ya bahari mpaka Bububu. Serikali iliinunua mwaka 1911. Barabara ya magari ilipoimarishwa, treni za abiria zikasimamishwa mwaka 1922, na kwa miaka michache reli ikabaki kubeba mawe ya ujenzi wa bandari, kisha ikang'olewa. Njia yake ikamezwa na barabara. Hispania nao walikuwa na reli zilizokufa, maelfu ya kilometa. Tangu 1993 wamekuwa wakizigeuza njia za miguu na baiskeli, wakihifadhi madaraja na mahandaki yaleyale, na leo njia hizo zimepita kilometa 3,000. Reli ya Bububu hairudi. Njia za Masingini bado zipo.

Kuna wasiwasi mmoja ninaoukubali kwa moyo wote, nao ni wa usalama. Mwanamke peke yake msituni na baiskeli, na mtoto anayerudi skuli magharibi inaingia, si watu wa kuambiwa waende tu. Nimesikia wazee wakisema heri barabara yenye magari, angalau pana macho ya watu. Jibu langu liko Nairobi. Msitu wa Karura, zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, ulikuwa mahali ambapo watu waliogopa kukanyaga. Katika miaka ya 1990 ukaanza kugawiwa wajenzi, na Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti kuupinga ugawaji huo. Msitu ukabaki msitu. Baadaye jumuiya ya wananchi iliingia mkataba na idara ya misitu ya Kenya, ukazungushiwa uzio, wakawekwa walinzi, zikatengenezwa njia za udongo zaidi ya kilometa 50, na baiskeli zikaruhusiwa kwenye baadhi yake. Leo familia huingia na watoto kwa tiketi, na fedha hiyo inasaidia kuutunza msitu. Uzio na walinzi walianza kazi, lakini wingi wa watu ndio ulioumaliza woga. Msitu usiokuwa na mtu ni wa mkata miti na mwizi. Ukiwa na watu wapitao tangu alfajiri mpaka alasiri, wao huhama.

Sisi sheria tunayo tangu zamani. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 iliwapa wananchi wa vijiji nafasi ya kufunga makubaliano na serikali ya kusimamia misitu yao. Kwenye msitu wa Jozani tumeona faida yake na tumeona pia gharama ya gari. Barabara kuu ya kusini inapita kandokando ya msitu ule, na kima punju, mnyama asiyepatikana popote duniani isipokuwa hapa kwetu, wamekuwa wakigongwa hapo wanapovuka. Matuta yalipowekwa vifo vilipungua, ingawa havikwisha. Masingini nako wako kima punju, walihamishiwa huko miaka ya 1970. Kwa nini tuwafungulie magari, kisha turudi kuwawekea matuta?

Na yapo maji. Kilima hiki na chemchemi za upande wa Bububu ndiko yalikotoka maji ya bomba aliyoyaleta mjini Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Mpaka leo msitu wa Masingini unalindwa kwa sababu ni chanzo cha maji yetu, na sisi wa Kikwajuni, tunaojua kukesha na ndoo tukingoja mfereji utoe, tuna haki ya kuusemea. Oili ya lori inayovuja juu kule haina safari ndefu.

Watalii watakuja, sina shaka. Tayari wako wanaokodi baiskeli mjini na kuzunguka mashamba ya viungo. Walipe, na fedha ibaki kijijini. Lakini njia isipangwe kwa ajili yao, kwa sababu ikipangwa kwa ajili ya mgeni itawekwa saa za mgeni na bei ya mgeni, na muuza maziwa atajikuta anaulizwa tiketi kwenye njia aliyoirithi kwa babu yake. Mwenye mzigo wa shamba apite bure, saa yoyote ya mchana. Hilo liandikwe tangu siku ya kwanza.

Vespa na bodaboda nazo zizuiwe, nami najua hapa nitagombana na vijana wengi wa mtaani kwangu. Pikipiki moja yenye haraka kwenye njia ya mita mbili inatosha kumrudisha msichana wa skuli barabarani. Tena pikipiki ndiyo inayotoa msituni magogo na magunia ya mkaa usiku. Nguzo tatu za zege kila mlango, zilizoachana upana wa usukani wa baiskeli, zinazuia gari lolote. Pikipiki haizuiwi na nguzo peke yake, hiyo inataka mlinzi.

Pa kuanzia ni kipande cha kutoka Kianga kupitia Masingini mpaka Dole, kwa kuwa sehemu kubwa iko chini ya Idara ya Misitu na haina mgogoro wa mashamba ya watu. Masheha wa shehia hizo waitwe pamoja na wauza maziwa, wakata majani na walimu wa skuli, waipite njia nzima kwa miguu na waonyeshe maji yanasimama wapi. Mitaro ichimbwe kipindi cha kiangazi, kabla ya mvua za vuli, ili masika yakija tujue ipi imeshika na ipi imezidiwa. Gari la zimamoto na la walinzi wa msitu liwe na geti lake lenye kufuli, na ufunguo mmoja ukae kwa sheha.