Uhamisho wa jeshi: muuzaji mwenye tarehe hana bei

Yeyote aliyewahi kuuza nyanya saa kumi na moja jioni anajua kwamba mnunuzi akishatambua kuwa huna pa kulaza mzigo, bei si yako tena. Ndiyo hali ya askari wa Marekani anayeuza nyumba akiwa na amri ya uhamisho mfukoni. Tarehe ya kuripoti kituo kipya imeandikwa, gari la kubeba vyombo limepangiwa siku, na dalali wa upande wa pili anayajua yote hayo kwa kutazama tu sebule iliyojaa maboksi.

Jambo hili linawagusa wasomaji wa ukurasa huu kuliko wanavyodhani. Mwaka 2009 jeshi la Marekani lilianza kuandikisha wageni wenye vibali vya muda kwa ajili ya lugha na utaalamu wao, na Kiswahili kilikuwamo katika orodha ya lugha zilizotakiwa. Uandikishaji huo ulisimamishwa 2016, lakini walioingia waliingia, na wengine wamejiunga kwa njia ya ukaazi wa kudumu. Leo kuna vijana wetu wenye vyeo kwenye kambi za Texas, North Carolina na Virginia. Wanapotaka kununua nyumba simu hupigwa nyumbani: "Mjomba, tuchangie, hiki ni kitega uchumi."

Maoni yetu ni kwamba nyumba ya askari si kitega uchumi mpaka ithibitike kuwa kodi ya mpangaji inaweza kuibeba yenyewe. Kama haiwezi, afadhali apange.

Tuanze na mkopo wenyewe, maana ndio unaowavuta wengi. Tangu sheria ya mwaka 1944 iliyowanufaisha askari waliotoka vitani, serikali ya Marekani hutoa dhamana kwa mikopo ya nyumba ya wanajeshi. Benki ndiyo inayokopesha. Idara ya Maveterani inaahidi kubeba sehemu ya hasara. Kwa sababu hiyo askari anaweza kununua bila malipo ya awali hata senti moja. Anatozwa ada ya dhamana, ambayo tangu Aprili 2023 ni asilimia 2.15 ya mkopo kwa anayeutumia mara ya kwanza bila kutanguliza fedha, na asilimia 3.3 kwa anayerudia. Anayelipwa fidia ya ulemavu uliotokana na utumishi husamehewa. Wengi huijumlisha ada hiyo ndani ya deni.

Ni mkopo mzuri, hatuukandii. Lakini kununua bila kutanguliza kitu maana yake ni kwamba siku ya kwanza unadaiwa kuliko thamani ya nyumba. Kwa mtu atakayekaa miaka 20 hilo halina uzito. Kwa mtu atakayehamishwa baada ya miaka 3 ndilo jambo lenyewe.

Tuchukue mfano. Sajenti ananunua nyumba ya dola 300,000 bila malipo ya awali. Ada inaongezwa, deni linakuwa dola 306,450. Kwa riba ya asilimia 6.5 na muda wa miaka 30, anarejesha dola 1,937 kila mwezi, mbali ya kodi ya majengo na bima. Baada ya miezi 36 amelipa karibu dola 69,700. Deni limepungua kwa dola 11,000 tu na kubaki karibu 295,500, kwa kuwa miaka ya mwanzo fedha karibu yote huenda kwenye riba. Sasa amri imekuja. Tukadirie kuwa udalali, ada za hati na marekebisho madogo vinakula asilimia 7 ya bei. Akiuza kwa bei ileile aliyonunulia, anabakiwa na dola 279,000 mkononi huku benki inadai 295,500. Ili aruhusiwe kuuza nyumba yake, inabidi atoe mfukoni dola 16,500!

Ili atoke bila hasara wala faida, bei ingebidi ifike karibu dola 317,700, yaani ipande takriban asilimia 6 katika miaka 3. Pengine itapanda, pengine haitapanda. Mwekezaji wa kawaida bei isipopanda husubiri. Askari hasubiri.

Hapo ndipo watu husema: posho ya nyumba italipa. Ni kweli jeshi hulipa posho ya nyumba isiyokatwa kodi ya mapato, inayopangwa kwa cheo, kwa kituo na kwa kuwa na wategemezi au kutokuwa nao. Lakini posho humfuata askari, haibaki na nyumba. Akihamia San Diego anapewa posho ya San Diego, na mwenye nyumba wa San Diego anaingojea. Nyumba aliyoiacha Fayetteville itafute mlipaji mwingine.

Sheria nayo ina upande ambao wanunuzi wengi hawautazami. Askari aliyepanga nyumba, akipata amri ya uhamisho wa kudumu, anaruhusiwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 2003 kuvunja mkataba wa pango bila adhabu. Atatoa taarifa ya maandishi pamoja na nakala ya amri, na mkataba utakoma siku 30 baada ya tarehe ya kodi inayofuata. Kwa rehani hakuna mlango wa namna hiyo. Mpangaji anaondoka na mizigo yake, mwenye nyumba anaondoka na deni. Na kama nyumba yako iko kando ya kambi na mpangaji wako ni askari, ujue naye ana haki hiyohiyo dhidi yako.

Kuna pia suala la msimu. Uhamisho mwingi hufanyika kati ya Mei na Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Katika miji kama Killeen, Clarksville au Fayetteville, ambako kambi ndiyo duka, kiwanda na shamba la mji, wauzaji hujikuta wanashindana wao kwa wao katika miezi hiyohiyo. Wanunuzi nao huwepo, maana wanaokuja kuchukua nafasi zao wanafika. Lakini hao wanaofika mara nyingi wanapewa siku zisizozidi 10 za kutafuta makazi, wengine wananunua kwa kuangalia video ya simu. Haraka ya pande zote mbili haimnufaishi yeyote isipokuwa dalali, ambaye hulipwa nyumba inapouzwa, si inapouzwa vizuri.

Na mji wa mwajiri mmoja una hatari nyingine. Fort Ord, kambi kubwa ya California, ilifungwa Septemba 1994 katika ule upunguzaji wa kambi baada ya vita baridi, na miji ya Marina na Seaside ikapoteza maelfu ya wakazi. Aliyeweza kungoja alingoja, maana pwani ya Monterey ni pwani ya Monterey na chuo kikuu kilifunguliwa hapo 1995. Tunarudi palepale: nani ana uwezo wa kungoja?

Somo kali zaidi lilikuja pale soko la nyumba la Marekani lilipoanguka baada ya 2006. Askari waliokuwa wamenunua bei ikiwa juu walipewa amri za kuhama wakati thamani ya nyumba zao haitoshi kulipa madeni yao. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Februari 2009 Bunge la Marekani lilitenga dola milioni 555 kupanua mpango wa mwaka 1966 wa kuwasaidia wenye nyumba walioathiriwa na kufungwa kwa kambi, ili sasa uwafidie pia waliokuwa wanahamishwa. Ulihusu walionunua kabla ya Julai 1, 2006. Walionunua Agosti mwaka huo waliambiwa wameshachelewa. Mwenye kudhani serikali itamwokoa tena aitafakari tarehe hiyo.

Je, asiuze bali apangishe? Ndiyo njia tunayoipendelea, kwa sharti kwamba hesabu ifanywe kabla ya kununua. Turudi kwa sajenti wetu. Tuseme kodi ya majengo na bima ni dola 450 kwa mwezi. Malipo yake yote ni dola 2,387. Anapata mpangaji wa dola 2,300. Kwa macho anaona pengo la dola 87, anasema atalimudu. Lakini mwaka una mwezi mmoja nyumba ikiwa tupu, na msimamizi anachukua asilimia 10 kwa kuwa mwenyewe yuko Hawaii au Ujerumani. Mapato ya mwaka yanabaki dola 22,770, malipo ni 28,644. Pengo ni dola 5,874 kwa mwaka, karibu 490 kila mwezi, na bado bomba halijapasuka. Nyumba ya dola 240,000 katika mtaa uleule ingekaribia zaidi kujibeba. Askari wengi hukadiria nyumba kwa ukubwa wa posho yao. Wangekadiria kwa kodi ambayo askari wa cheo cha chini yao anaweza kulipa, kwa sababu huyo ndiye atakayekuwa mpangaji wao. Mkopo huu huruhusu pia kununua jengo la hadi familia 4, mradi mkopaji mwenyewe aishi katika sehemu mojawapo. Ni wachache wanaolitumia hilo, na sisi tunaona ndilo linalofaa zaidi.

Kwenye kodi ya mapato askari amependelewa, na ni vizuri ajue. Raia wa kawaida akiuza nyumba aliyoishi angalau miaka 2 kati ya 5 ya mwisho husamehewa kodi ya faida hadi dola 250,000, au 500,000 kwa mume na mke wanaowasilisha hesabu pamoja. Askari aliyehamishiwa umbali wa maili 50 au zaidi anaweza kusimamisha saa ya ile miaka 5 kwa hadi miaka 10. Kwa hiyo anayepangisha hana sababu ya kukimbilia kuuza kwa hofu ya kodi hiyo, ingawa uchakavu aliouombea nafuu ya kodi utahesabiwa.

Sasa tuje kwenye bidhaa ambayo wauzaji wengi hawajui kuwa wanayo. Wastani wa riba ya mikopo ya miaka 30 ulishuka hadi asilimia 2.65 Januari 2021, ukapanda hadi 7.79 Oktoba 2023, na 2025 ulicheza kati ya 6 na 7. Mkopo wa dhamana ya maveterani unaweza kuhamishiwa kwa mnunuzi pamoja na riba yake, mkopeshaji akiridhika na uwezo wake. Aliyekopa dola 280,000 mwaka 2021 kwa asilimia 2.75, baada ya miaka 4 anadaiwa karibu 254,600 na hulipa dola 1,143 kwa mwezi. Mnunuzi akikopa kiasi hicho upya kwa asilimia 6.5 angelipa 1,609. Tofauti ya dola 466 kila mwezi ni mali, na muuzaji ana haki ya kuidai katika bei. Hapa mwenye tarehe anapata kitu cha kushikilia.

Lakini kuna mitego miwili. Mnunuzi lazima awe na fedha taslimu, au mkopo wa pembeni, kufidia tofauti kati ya deni na bei. La pili ni baya zaidi: mnunuzi asipokuwa naye ni askari au veterani atakayeweka haki yake ya dhamana badala ya ya muuzaji, haki ya muuzaji inabaki imefungwa kwenye nyumba ile mpaka deni liishe. Anafika kituo kipya, anataka kununua, anaambiwa sehemu ya haki yake iko kwa mtu mwingine. Tena asipopata maandishi ya kuondolewa kwenye deni, mnunuzi akishindwa kulipa atafuatwa yeye.

Limebaki la mjomba. Benki ikiona fedha imeingia kutoka kwa ndugu itataka barua kwamba ni zawadi isiyorudishwa. Msomaji akisaini barua hiyo, amesaini kuwa hana hisa wala deni. Akisaini huku wamekubaliana pembeni kuwa watagawana faida, yeye na mpwa wake wamemdanganya mkopeshaji, na huko hilo ni kosa la jinai. Kumwingiza mjomba kama mkopaji mwenza pia hakusaidii sana, kwani dhamana ya serikali haifuniki sehemu ya mtu asiye askari wala mwenzi wa askari, na benki itadai malipo ya awali kwa sehemu hiyo.

Kwa hiyo anayetaka kumpa mpwa wake zawadi ampe kwa moyo mweupe na asiiandike katika daftari la biashara. Anayetaka kuwekeza aombe kwanza karatasi mbili: kodi zinazolipwa sasa kwa nyumba 3 zinazofanana na hiyo mtaa huohuo, na hesabu ya malipo yote ya mwezi, yakiwamo ya msimamizi na mwezi mtupu. Kama kodi haifiki, fedha ibaki Kariakoo.