Penye Dele la Kahawa

Jua likisha kupinda na vivuli vya nyumba vikalala njiani, Mji wa Kale wa Mombasa hubadili sauti. Mchana kutwa ni pikipiki na mikokoteni. Baada ya sala ya alasiri ni vikombe. Muuza kahawa hushika viwili au vitatu katika kiganja kimoja, akavigonganisha kwa namna isiyoigika upesi, na kila asikiaye hujua ya kwamba kahawa iko tayari. Hana haja ya bango wala ya jina mlangoni. Duka lake ni ubao mrefu wa kukalia, mabaraza ya mawe yaliyo ubavuni mwa njia, ndoo ya maji, na dele lenyewe, chombo kirefu cha madini kilichokaa juu ya makaa.

Kahawa hii si ile ya mahotelini. Buni hukaangwa mpaka ikawa nyeusi, ikatwangwa, ikachemshwa pamoja na tangawizi, na wengine hutia iliki. Haitiwi maziwa wala sukari. Kikombe hakina mkono, nacho ni kidogo hata mwenye kiu aweza kudhani amefanyiwa mzaha. Utamu hutoka pembeni: kipande cha haluwa, au kashata, au tende chache. Mnywaji huuma kidogo, akapiga funda, akatulia. Anywaye kwa haraka huunguza ulimi, na tena hujulikana papo hapo kuwa ni mgeni.

Mgeni mmoja wa namna hiyo alitoka upande wa Nyeri, mtu mzima, mkulima wa mibuni, aliyeshuka pwani kumtazama mwanawe afanyaye kazi bandarini. Alikaribia baraza kwa haya kidogo, akaamkia.

“Masalkheri, wazee.”

“Masalkheri, bwana. Karibu, sogea kivulini. Mpe mgeni kikombe, mwanangu.”

Funda la kwanza lilimkunja uso. Alipoulizwa kazi yake, alijibu kwamba analima kahawa tangu ujana wake, walakini nyumbani kwake hunywewa chai. Baraza zima likacheka, naye akacheka nao. Mzee mmoja tu hakucheka. “Basi bwana,” akasema, “wewe ni kama mvuvi asiyejua ladha ya samaki.” Mgeni akajibu kwa upole kwamba mvuvi hubakiza samaki wadogo wa kupika jioni, mkulima wa kahawa hupeleka matunda yake yote kiwandani yangali mekundu, na yakiisha kupimwa hayaoni tena.

Jibu hilo halikuwa la mzaha. Mibuni ilipandwa Bura, katika milima ya Taita, na mapadri wa Kifaransa mwaka 1893. Baada ya hapo, kwa miaka mingi ya utawala wa kikoloni, kilimo hicho kilikuwa cha walowezi, na Mwafrika alizuiliwa. Katika miaka ya 1930 wachache waliruhusiwa kujaribu huko Meru, Embu na Kisii, na mlango haukufunguliwa sawasawa mpaka ulipokuja mpango wa Swynnerton mwaka 1954. Basi kwa watu wa bara kahawa iliingia kama fedha, wala si kama kinywaji: ni karo ya shule, ni mabati ya nyumba, ni deni la chama cha ushirika. Hata leo sehemu kubwa sana ya mavuno ya Kenya huuzwa ng’ambo. Pwani iliipata kwa njia nyingine kabisa. Ilikuja na bahari, pamoja na watu wa Yemen na Hadhramaut, ikiwa imekwisha pikwa na ina adabu zake za kumkirimu mgeni.

Nairobi nayo imeamka. Tangu Java House ilipofunguliwa mwaka 1999, mikahawa ya namna hiyo imeongezeka mijini, na vijana hukaa humo na kazi zao saa nzima. Ni jambo jema, ingawa bei ya kikombe kimoja cha huko ingenywesha baraza zima la Mombasa, na huko mtu aweza kukaa ubavuni mwa mwenziwe asimwamkie.

Barazani haiwezekani. Atakayekaa lazima aamkie, na akiisha kuamkia ni mwenyeji. Hapo hutangazwa maiti na saa ya maziko, hapo hupatikana fundi wa bomba, hapo uchaguzi hupigwa na kushindwa kabla ya siku yake. Watawala wa zamani waliliogopa jambo hili. Mwaka 1511 liwali wa Makka aliipiga kahawa marufuku, na mkubwa wake wa Misri akaitangua amri hiyo. Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza naye aliamuru Desemba 1675 nyumba za kahawa zifungwe, kwa sababu ya maneno yaliyosemwa humo. Watu wakanung’unika hata akairudisha amri yake kabla haijaanza kutumika.

Maneno ya barazani yaweza pia kuumiza, hilo lisifichwe. Siku ile ile ya mgeni wa Nyeri, kijana mmoja alianza kusimulia habari za binti wa jirani, habari alizozisikia kwa mtu aliyezisikia. Mzee yule yule wa samaki aliweka kikombe chini. “Mwanangu, baba yake hupita hapa kila magharibi. Mngoje, umweleze yeye.” Kijana hakungoja.

Liko na lalamiko dogo, nalo ni ile ndoo. Vikombe ishirini kusuuzwa katika maji yale yale tangu alasiri hata usiku si usafi, hata kama kahawa yenyewe inachemka. Muuzaji akiweka ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya maji safi yanayobadilishwa mara kwa mara, gharama yake ni ndogo, na hakuna mteja atakayemkimbia kwa sababu hiyo.