Shilingi 3,300 Haikuwa Sera

Wanaotetea namna Serikali ilivyoamua mambo ya korosho mwaka 2018 hawajanyamaza. Hoja zao mmezisikia kwenye mikutano ya AMCOS, redioni na bungeni, na baadhi ni nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Nimezifuata moja baada ya nyingine. Ushahidi nauweka mezani. Hukumu ni yenu wasomaji, hasa ninyi wa Nachingwea na Ruangwa mliolipa gharama yake.

Wanaanza na bei. Msimu wa 2017/18 kilo ilipita shilingi 4,000. Oktoba 2018 wanunuzi wakaja mnadani na bei iliyo chini ya 3,000, na wakulima wakagoma kuuza. Serikali, wanasema, isingeweza kutazama mkulima akinyonywa, ndiyo maana Novemba 12 Rais Magufuli alitangaza kwamba itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 na jeshi litaibeba. Nakubali kwamba hasira ya wakulima ilikuwa ya haki. Ila kutangaza bei hakuzalishi mnunuzi. Kama wafanyabiashara walikuwa wamekula njama dhidi ya bei halali ya soko, mzigo ule ungegombaniwa na wanunuzi wengine wa dunia. Haukugombaniwa, kwa sababu bei ilikuwa imeshuka hata nje ya mipaka yetu. Januari 2019 ukasainiwa mkataba na Indo Power Solutions ya Kenya wa kununua tani 100,000. Kufikia Mei ulikuwa umevunjwa. Msimu uliofuata mnada ukarudi, wanunuzi binafsi wakarudi, na bei za minada ya mwanzo zikawa tena chini ya 3,000. Anayesema mnada wa 2018 ulikuwa wizi anadaiwa maelezo: kwa nini ule wa 2019 ulikuwa halali?

Hoja ya pili ni ya kisheria, nayo ndiyo inayoumiza zaidi. Wanasema tozo ya kusafirisha korosho ghafi ni kodi kama kodi nyingine, mahali pake ni Mfuko Mkuu wa Hazina, na zao moja halistahili mfuko wake. Kwa kanuni za fedha za umma, hoja hii inasimama. Lakini tozo hii iliwekwa kwa ahadi: asilimia 65 irudi kuendeleza zao lenyewe, yaani pembejeo, miche na utafiti. Wabunge wa Kusini walilalamika kwamba zaidi ya shilingi bilioni 200 za mgao huo hazikutolewa. Jibu walilopata Juni 2018 ni sheria iliyopeleka tozo yote Hazina.

Wataalamu walioandika sheria hiyo wangeuliza swali moja tu kwenye kituo cha utafiti cha Naliendele: mkorosho hupuliziwa lini? Ubwiri unga hushambulia maua na majani machanga, na kazi ya salfa huanza Mei au Juni. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai Mosi. Pembejeo inayosubiri mgao wa bajeti mpya humfikia mkulima maua yakiwa yameshaungua. Uzalishaji uliokuwa zaidi ya tani 300,000 mwaka 2017/18 ulishuka chini ya 230,000 msimu uliofuata. Sidai kwamba upungufu wote ulitokana na salfa. Nadai kwamba waliomwondolea mkulima fedha za dawa mwezi Juni hawawezi kujitangaza watetezi wake mwezi Novemba.

Tatu, uhakiki wa wakulima kabla ya kulipwa. Wanaeleza kwamba malipo yalicheleweshwa ili kuwanasa wanunuzi wa kangomba, wanaomnyonya maskini kwa kuchukua korosho yake kwa bei ya kutupa. Kangomba ni dhuluma, hapo hatubishani. Lakini mtu huuza kwa kangomba kwa nini? Kwa sababu hana fedha ya chakula na ada ya shule wakati mzigo wake uko ghalani. Kumcheleweshea malipo kwa miezi ni kumrudisha mlangoni kwa yule yule mliyesema mnamkomesha.

Iliyobaki ni hoja ya muda: kushauriana kunachelewesha, na viongozi wanaijua Kusini, kwani Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, ndiye alikuwa mbunge wa Ruangwa. Alikuwa, na sheria ya Juni ilipita. Uenyeji wa kiongozi mmoja haukuziba pengo la utaratibu. Kuhusu haraka, Nachingwea ina kumbukumbu ndefu kuliko wilaya nyingi. Mwaka 1946 ujumbe wa Uingereza chini ya John Wakefield ulizunguka Tanganyika wiki tisa hivi, ukapendekeza mashamba ya karanga ya zaidi ya ekari milioni tatu. Ikajengwa reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukafutwa kwa hasara ya pauni milioni 36 hivi, na baadaye reli ikang'olewa. Kisha Operesheni Vijiji ikawahamisha watu mbali na mikorosho yao, na ni moja ya sababu kubwa za uzalishaji kuporomoka kutoka tani 145,000 mwaka 1973/74 hadi chini ya 17,000 mwaka 1986/87. Katika yote mawili, walioamua waliona kusubiri ni anasa.

Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki katika uamuzi unaomhusu, na vyombo vya kushirikia vipo tayari. Chama kikuu cha ushirika cha RUNALI kinaunganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mabaraza ya madiwani hukutana kila robo mwaka. Pendekezo la kubadili tozo, likiwa na hesabu ya nani atapoteza nini, lingeweza kushuka huko Januari, likajadiliwa hadi Machi, likarudi Dodoma kabla ya bajeti ya Juni. Anayeshikilia kwamba muda haukuwepo atutajie ni mwezi upi kati ya hiyo uliokosekana.