Mashirika ni Mangapi? Tulikwenda Kabalagala Kutafuta Moja

Sisi walimu wenu wa kujitolea miguu bado inatuuma. Mwezi uliopita tuliahidi kuandika juu ya watoto wanaochelewa asubuhi. Hilo litangoja. Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya mashirika, kwa sababu ya jambo lililotupata sisi pamoja na mama mmoja ambaye wengi wenu mnamfahamu. Ametupa ruhusa tuandike, ila jina lake tusilitaje.

Mambo yalianza hivi. Alikuja kijana mmoja hapa kambini, nadhifu, amevaa fulana yenye nembo na kitambulisho kinaning'inia shingoni. Akasema shirika lao liko Kampala, mtaa wa Kabalagala, na linatoa bursari ya sekondari kwa watoto wa wakimbizi waliomaliza darasa la saba. Fomu ni shilingi 30,000 tu. Familia 14 zilinunua. Kuna aliyeuza mahindi ya akiba, kuna aliyekopa kwenye kikundi. Na sisi walimu tulifanya nini? Tulikaa jioni mbili tukiwasaidia kujaza zile fomu, tena kwa mwandiko mzuri. Hilo hatulifichi. Mzazi akiona mwalimu anaijaza fomu, anajua ni ya kweli.

Baada ya hapo simu ikawa haipatikani. Wiki tatu, kimya. Yule mama akatuambia, "Walimu, nyinyi mnajua kusoma vibao vya Kampala. Twendeni." Tukachanga nauli, tukapanda basi la usiku kutoka Mbarara, sisi wawili na yeye.

Kwa wasiofika Kabalagala: unapanda takisi kutoka mjini kwenda upande wa Ggaba, unapita Nsambya, unashuka pale njia inapogawanyika kupanda mlima wa Muyenga. Jina lake ni lile lile la vile vikeki vya ndizi na unga wa muhogo ambavyo watoto wetu wanavipenda. Usiku ni mtaa wa baa na muziki. Sisi tulifika asubuhi, tukakuta watu wanafagia chupa. Tulisikia Kiswahili cha kwetu, Kilingala, Kiamhari, Kitigrinya, mpaka mama akasema huku ni kambi nyingine isiyo na turubai.

Fomu ilisema ofisi iko barabara ya Tank Hill. Tukaanza kupanda. Bwana, vibao! Shirika la hili, mfuko wa lile, mtandao wa lile lingine. Hata Uganda National NGO Forum, ule mwavuli wa mashirika ulioanzishwa mwaka 1997, ofisi yake iko barabara hiyo hiyo. Ukiendelea na barabara ya Ggaba mpaka Kansanga unakuta ActionAid. Mama akasimama akashika kiuno: "Mwalimu, yote haya ni ya kutusaidia sisi? Mbona basi tuko hivi?"

Hatukuwa na jibu. Tuliporudi tulilitafuta, na ndilo hili tunalowaandikia.

Watu wakisikia "shirika" wanafikiri gari jeupe lenye antena. Lakini kazi isiyo ya kutafuta faida ni ya zamani kuliko magari hayo. Hospitali ya Mengo ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1897. Ile ya Nsambya, ambayo takisi yetu iliipita, ilianzishwa na masista wa Kikatoliki mwaka 1903. Mpaka leo sehemu kubwa ya hospitali za Uganda ziko mikononi mwa makanisa na Waislamu, na hizo nazo ni za upande huu, ingawa hakuna anayeziita NGO. Tena kuna vikundi vya Waganda vinavyoitwa munno mukabi, vya kusaidiana kwa msiba na harusi. Mkichanga sanda na jeneza hapa kwetu, mnafanya kazi hiyo hiyo. Hakuna daftari la serikali linaloweza kuwahesabu nyote.

Mashirika yenye kuandikishwa ndiyo yaliongezeka sana baada ya mwaka 1986, serikali ya sasa ilipoingia. Nchi ilikuwa imebomoka, UKIMWI unaua, kaskazini kuna vita, na wafadhili wa nje walipenda kupitisha fedha zao kwenye mashirika. TASO, ambayo wengine wenu mmepata dawa kwake, ilianza mwaka 1987, na walioianzisha ni watu waliokuwa wameguswa na ugonjwa huo wenyewe, akiwemo Bi Noerine Kaleeba aliyefiwa na mumewe. Mwaka 1989 ikatungwa sheria ya kuyaandikisha mashirika, chini ya wizara ya mambo ya ndani, na kwenye bodi yake waliwekwa hata watu wa usalama. Kufika mwaka 2000 yalikuwa kama 3,500 kwenye daftari. Miaka michache baadaye wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Oxford na Benki ya Dunia walipoanza kuyatafuta moja moja, mengi hawakuyaona kabisa mahali yalipoandikishwa. Na yale waliyoyaona, fedha nyingi zilikuwa kwa machache makubwa yenye wafadhili wa nje. Mengine yote yalikuwa madogo, yanaishi kwa michango na kwa kujitolea, kama sisi.

Sasa, mnakumbuka mwaka 2018? Tulipangwa mistari, vidole kwenye mashine, macho kwenye mashine. Walikuwa wanasema wakimbizi Uganda ni zaidi ya milioni 1.4, na baada ya kuhesabiwa tukaonekana karibu milioni 1.1. Tuliaibishwa sana kwa hilo, kana kwamba ni sisi tuliojiandika mara mbili. (Mwalimu mmoja kati yetu alikuwa bado mwanafunzi wakati ule. Anakumbuka wenzake wakimwita "mkimbizi hewa".)

Basi mwaka uliofuata, 2019, zamu ikawa ya mashirika. Kuanzia Agosti yaliambiwa yalete vyeti, vibali na hesabu zao. Daftari lilikuwa na mashirika zaidi ya 14,000. Novemba matokeo yakatangazwa: yaliyothibitishwa ni 2,118. Hebu someni tena namba hiyo. Katika kila mashirika saba, moja tu ndilo lililojitokeza na karatasi zilizokamilika. Yale 12,000 mengine yaliambiwa yasifanye kazi.

Tusikimbilie kusema yote 12,000 yalikuwa ya wezi. Mengine yalikufa zamani mfadhili alipoondoka, na mengine yalikuwa ya watu wema wa vijijini wasio na nauli ya kupeleka karatasi Kampala. Tena serikali ikiwa na rungu la vibali inaweza kumpiga nalo hata anayesema ukweli. Agosti 2021 mashirika 54 yalisimamishwa kwa mara moja, sababu zikatajwa kuwa vibali vilivyokwisha na hesabu zisizopelekwa, na kati yao lilikuwemo Chapter Four, la mawakili wanaotetea haki za watu. Sisi si wanasiasa, tunasema tu kwamba karatasi ina pande mbili.

Halafu ikaja 2025. Marekani ilisimamisha misaada yake Januari, na shirika lake la USAID likafungwa rasmi Julai. Mei mwaka huo huo watu kama milioni moja kati yetu tulikatwa posho ya chakula ya WFP. Hayo hamhitaji kuelezwa na mwalimu. Lakini angalieni jambo moja: mashirika mengi ya kweli yalipopunguza wafanyakazi, njaa ya msaada haikupungua. Hapo ndipo kijana mwenye fulana nzuri anapopata soko.

Turudi mlimani. Namba ya kiwanja iliyokuwa kwenye fomu tuliipata. Ilikuwa saluni. Dada wa saluni alikuwa na mteja, akatutazama kwenye kioo, akasema, "Nnyabo, pole. Nyinyi si wa kwanza." Wiki ile ile walikuja watu wengine, nao na fomu mkononi. Tukaenda kwa mwenyekiti wa LC1. Mzee yule alitupokea vizuri, akatoa kiti kwa mama, akaisoma ile fomu mara mbili. Shirika hilo halijui. Akatuuliza jambo ambalo sisi, walimu wazima, hatukuwahi kumwuliza yule kijana: "Kibali chao mlikiona?"

Kwa sheria ya mwaka 2016 shirika linatakiwa kuwa na cheti cha kuandikishwa na kibali kinachoonyesha linafanya kazi gani, wapi, na mpaka tarehe gani. Kibali hakizidi miaka mitano. Tena halitoshi kuwa nacho Kampala: kabla ya kufanya kazi katika wilaya linatakiwa likubaliwe na kamati ya wilaya na liwe na mapatano ya maandishi na serikali ya wilaya hiyo. Kwa hiyo shirika linalokuja kwetu lazima lijulikane Isingiro, na kwa wakimbizi lazima ofisi ya Waziri Mkuu hapa kambini iwe na habari zake. Ile ofisi ya taifa ya mashirika ilivunjwa mwaka 2024, kazi yake ikarudishwa ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na daftari liko huko. Na fomu ya msaada haiuzwi. UNHCR imesema mara nyingi kwamba huduma kwa wakimbizi ni bure, iwe ni shule, iwe ni safari ya kwenda nchi ya tatu.

Kuna wanaotuambia, "Basi walimu, mashirika yote ni uongo." Hapana. Huko huko Kampala, mwaka 2007, vijana wakimbizi kutoka Kongo walianza kukusanyana kucheza mpira, kisha wakafundishana Kiingereza, na hicho ndicho kilichokuwa YARID, shirika linalojulikana leo mpaka nje ya nchi. Walianza bila kibao. Ndiyo maana kikundi chetu cha masomo ya jioni tunataka tukiandikishe, si kama NGO, hilo ni kubwa kwetu, bali kama kikundi cha jamii, ambacho sheria inakiruhusu kuandikishwa hapa hapa wilayani bila kwenda Kampala. Wazazi wawili wamekubali kukaa kwenye kamati. Tunatafuta wa tatu, awe mama, na awe mgumu kwa fedha.

Usiku ule tulilala kwenye benchi za kituo cha basi. Mama hakulia wala hakutulaumu, na hilo lilituuma kuliko lawama. Alisema tu, "Mtoto wangu anasubiri barua." Mtoto huyo sasa anasoma nasi jioni. Ada ya sekondari hatujaipata.

Taarifa tumeshaipeleka polisi na kwa kamanda wa kambi. Wametaka ushahidi wa familia zote, na mpaka sasa tunao wa familia tisa. Kama ulinunua ile fomu, usione aibu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa tatu asubuhi, tutakuwa chini ya mti wa shule. Njoo na risiti, au ile namba ya simu uliyotumia fedha. Na kama kuna shirika lingine lolote limekuomba hata shilingi 1,000, tuletee jina lake siku hiyo hiyo kabla hujalipa. Kalamu yetu safari hii hatutaitoa mpaka tumeona kibali.

Mwezi ujao: watoto wanaochelewa, kweli safari hii.

Walimu wenu wa kujitolea